Kucha ya Shangazi na Bloku ya Mwisho

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, Shangazi anastaafu. Ameitumikia karakana hii miaka thelathini na minne, yote katika sehemu ya bloku, yote akiwa amesimama. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa sababu mashine yangu ya kuchonga silinda iko jirani na benchi lake, na kwa hiyo, walisema, mimi ndiye ninayemjua. Nilikubali haraka, kisha nikajuta. Naandika roho ikiwa juu, nikiinuka kila baada ya sentensi mbili kwenda kuchungulia kama bado yupo. Wasomaji wakiona maneno haya yanakimbiakimbia, wajue kwamba mwandishi naye alikuwa hatulii.

Jina la Shangazi alipewa akiwa binti wa miaka ishirini na ushei. Alikuwa mwanamke pekee upande wa mashine, na fundi mkuu wa wakati ule, mzee mmoja asiyeweza kushika jina la mtu, alimwita hivyo kwa utani siku ya kwanza. Jina likaganda. Leo wanaomzidi umri humwita Shangazi, meneja humwita Shangazi, na mumewe, fundi cherehani mwenye duka mtaa wa nyuma, akija kumletea funguo alizosahau huuliza getini kama Shangazi yupo.

Kutulia hakumo katika sifa zake. Ni kiguu na njia ndani ya chumba kimoja: mara yuko kwenye benchi, mara dirishani anageuza kioo kwenye mwanga, mara yuko nyuma yangu ananiuliza kwa nini mashine inalia vile. Kwenye benchi lake pana stuli, na sijawahi kumwona ameikalia. Huweka chai juu yake, akaondoka, chai ikapoa. Kwenye mikutano husimama karibu na mlango, mkono mfukoni mwa aproni, akigonganisha kitu kidogo cha chuma na funguo zake, ko, ko, ko, mpaka meneja apoteze alichotaka kusema. Kitu hicho nitakieleza, kwa maana kina habari yake.

Kwa wenzetu wa ofisini wanaokuja kwenye sherehe na hawajawahi kuvuka mlango wetu wa chuma, niseme kidogo juu ya kazi. Sisi hufufua injini za magari ya zamani, hasa yale yaliyoundwa kwa ajili ya kasi. Bloku ndiyo kiwiliwili cha injini, pande zito la chuma cha kusubu lenye matundu makubwa ya silinda. Waundaji wa injini za kasi walitaka silinda pana, kwa hiyo kuta zake zilikuwa nyembamba, na mara nyingine bloku ilitoka kwenye kalibu ikiwa na tundu dogo, au ukuta mmoja mwembamba kupita kiasi. Viwandani hawakuitupa. Tundu walilitia kizibo cha chuma, na silinda yenye ukuta dhaifu wakaivika slivu, yaani bomba jembamba la chuma linaloshindiliwa ndani yake. Kisha kazi ikaendelea, injini ikafungwa, gari likauzwa likiwa jipya kabisa.

Tatizo huja miaka mingi baadaye, pale mtu anapofungua injini hiyo na kuona kizibo. Hushika kichwa. Husema bloku ilishapasuka, ilishazibwa mtaani, mwenye gari ametapeliwa. Huenda ni kweli. Huenda pia kizibo hicho kilitiwa kabla gari halijagusa barabara, na bloku ni nzima kama siku ilipozaliwa. Kuamua ni lipi kati ya hayo mawili, hiyo ndiyo imekuwa kazi ya Shangazi, na ndiyo inayoninyima usingizi nikifikiria Jumatatu ya kwanza bila yeye.

Yeye huanza na kucha. Hufumba macho na kuburuza kucha ya kidole cha shahada juu ya chuma, polepole, na hiyo ndiyo shughuli pekee anayoifanya polepole. Kiwandani, kizibo hutiwa kwanza, halafu ndipo uso wa bloku unapokwanguliwa na mashine. Kwa hiyo mistari ya mashine hupita juu ya chuma na juu ya kizibo bila kukatika, na kucha haikwami. Fundi wa mtaani hutia kizibo baadaye, akakisawazisha kwa tupa. Hapo mistari hukatika ukingoni, na kucha hujikwaa. Shangazi ametufundisha hivyo sote, lakini kucha zetu hujikwaa hata pasipo na kitu.

Ugomvi wake na wateja unajulikana. Yuko bwana mmoja, daktari wa meno, aliyetaka tumsagie kizibo cha kiwandani kwa sababu kilimwudhi macho. Shangazi alimwuliza kama ana kovu la chanjo begani. Bwana akasema analo. Akamwuliza kama amewahi kufikiria kulisaga. Walibishana mpaka chai ya wote wawili ikapoa, na bwana yule akaondoka amenuna. Baadaye alirudi na bloku nyingine, akaomba ahudumiwe na mama mkali.

Ni yeye pia aliyeleta utaratibu wetu wa nukta. Kila tunapotengeneza bloku, hatufichi tulipotengeneza. Tunagonga nukta tatu ndogo pembeni, ili atakayeifungua siku za mbele ajue kwamba mkono huo ni wetu, si wa kiwanda. Meneja wa wakati ule alihofia kwamba wateja wangekimbia. Hawakukimbia. Mafundi wa karakana nyingine hutucheka kwamba tunaweka sahihi kwenye viraka, na Shangazi hucheka nao, kisha huwauliza wao viraka vyao wameviweka wapi.

Nyumbani hali ni ile ile. Mumewe ameniambia kwamba hawezi kumaliza suruali ya mteja kabla mkewe hajapitisha kucha kwenye mshono na kumwonyesha alipounganisha uzi. Mkwe wao, akivunja kikombe na kukiunga kwa gundi, hukificha nyuma ya kabati, na Shangazi hukitoa siku hiyo hiyo. Wajukuu wanaona ni mchezo. Mkwe sina hakika.

Sasa kile kitu cha mfukoni. Ni kizibo cha chuma, kidogo kama kifungo cha koti. Miaka ya mwanzo ya kazi yake, Shangazi alipewa bloku yenye kizibo karibu na silinda ya pembeni. Alikuwa na haraka na alikuwa na hakika, na alisema ni kiraka cha mtaani. Akakitoboa akakitoa ili atie kipya. Kilipotoka ndipo alipoona upande wake wa chini, rangi ya kiwandani ikiwa imekigandia na kukiunganisha na bloku tangu mwanzo. Kilikuwa kizima, na tundu alilolifungua halikukubali tena kuzibika. Bloku ile ilikufa mikononi mwake. Mwenye gari alikuja, akaiangalia, akamwambia tu kwamba alikuwa ameimaliza. Akaondoka bila kupandisha sauti, na Shangazi husema afadhali angemtukana. Tangu siku hiyo kizibo kiko mfukoni, na tangu siku hiyo hakuna anayeweza kumharakisha kutamka neno “mtaani” au “kiwandani” mpaka awe ameridhika.

Hapo ndipo tulipofikia mwezi huu, na hapa ndipo mimi mwenyewe nilipoanza kuuma kucha zangu.

Mwanzoni mwa mwezi aliletwa mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu, mgongo umenyooka kama nguzo zake za kupimia. Alikuwa na gari la mbio la zamani lililokaa chini ya turubai zaidi ya miaka ishirini. Hakuja kwa ajili ya kulifufua, alisema. Alikuja kuuliza swali moja. Zamani alisafiri kikazi kwa wiki kadhaa, akamwachia mwanawe nyumba na kumkataza gari. Kijana akaliendesha. Mzee aliporudi alikuta injini inavuja maji. Fundi wa jirani aliifungua, akamwonyesha kizibo juu ya bloku na slivu ndani ya silinda ya tatu, akamwambia kuna mtu alipasua bloku hii na kuizibisha kimya kimya. Kijana aliapa kwamba alichofanya ni kuliendesha, mpira wa maji ukapasuka, akaufunga kwa kitambaa na kurudi. Baba hakuamini. Kilichomuuma si gari, alituambia, ni uongo. Kijana aliondoka nyumbani mwaka huo huo. Siku hizi ni fundi bomba mwenye nywele za mvi, na baba na mwana hukutana kwenye arusi na misiba wakiamkiana kama majirani. Mke wa mzee, mama wa kijana, ndiye aliyeshinikiza gari hili liletwe kwetu. Amechoka, alisema, kupokea familia moja kwa zamu.

Kwa hiyo swali lilikuwa hilo: kiwandani, au mtaani?

Wengi wetu tulishaamua kimoyomoyo. Hadithi ya kijana na mpira wa maji tumeisikia kwa wateja wengi. Shangazi aliisogelea bloku. Alifumba macho, akapitisha kucha, akafumbua macho akiwa amekunja uso. Fundi yule wa jirani, katika kusafisha, alikuwa amesugua uso wote wa bloku kwa msasa. Mistari ya mashine ilikuwa imefutika, juu ya chuma na juu ya kizibo vile vile. Kucha haikujikwaa, lakini haikuwa na cha kusoma.

Siku zilizofuata zilikuwa za mateso kwa chumba kizima. Shangazi aliizunguka ile bloku asubuhi, akaiacha, akaja kwangu kuniambia mashine inalia, akarudi. Alianza kumfundisha mrithi wake wa benchi, akakatisha katikati ya neno akaenda kuangalia tena. Ko, ko, ko. Kamati ilikuja kumpima urefu wa miguu kwa ajili ya zawadi, akawapa mguu mmoja huku mwingine ukielekea benchini. Mzee alipiga simu, Shangazi akamwambia bado. Alipiga tena, akamwambia bado. Mimi nilimwambia, Shangazi, unastaafu mwisho wa mwezi, sema unavyofikiri na uende zako. Alinitazama kama niliyemwambia aondoke bila viatu. Akaniuliza kama ningependa kufukuzwa kwetu kwa neno la mtu mwenye haraka.

Jumatano ya wiki iliyopita alituamuru tuipindue bloku miguu juu. Tuliguna, kwa sababu ni nzito na tulikuwa tumeshaipindua mara mbili. Akaomba mafuta ya taa, mswaki wa zamani, taa ndogo na kile kioo chake cha mkono mrefu, akaanza kusugua huko chini, mahali ambapo slivu inaishia na ambapo msasa wa fundi yeyote haufiki. Lami nyeusi ya mafuta ya miaka yote ikaanza kutoka. Chini yake pakatokea rangi nyekundu. Akaacha kusugua. Mkono ukatoka mfukoni, na ile ko ko ko ikanyamaza, na nilipoona imenyamaza niliizima mashine yangu bila kuambiwa.

Rangi ile hupakwa kiwandani, ndani ya bloku, kabla injini haijafungwa. Ilikuwa imepita juu ya chuma cha bloku ikaendelea juu ya mdomo wa slivu bila kukatika. Kando yake, pale mhimili wa injini unapolala, mashine ya mwisho ya kiwandani ilikuwa imekata chuma na kuikata rangi hiyo pamoja nacho, mkato safi. Kwa maana hiyo slivu ilitangulia, rangi ikafuata, na mkato wa mwisho wa kiwanda ukaja juu ya vyote. Kisha akatugeuzia bloku na kutuonyesha kwa juu kitu ambacho sote tulikitazama kila siku: ukingo wa slivu ulikuwa umemega pembe ya kizibo. Kizibo kilikuwepo kabla ya slivu. Vyote viwili vilikuwa humo gari hilo likiwa halijapata hata magurudumu.

Shangazi hakushangilia. Alikwenda kupiga simu. Alimwambia mke wa mzee awalete wote wawili, baba na mwana, na kama mmoja hataki kuja, basi wasije.

Walikuja Alhamisi. Mzee aliingia kwanza, mwanawe nyuma, kati yao nafasi ya kupita mtu wa tatu. Shangazi hakuwahubiria. Alimpa mzee kioo na kumwambia apinde mgongo. Mzee aliinama kwa shida, akasema haoni kitu, ni giza. Taa ilikuwa karibu na mwanawe. Kijana yule wa zamani aliitwaa, akaiingiza chini ya bloku, akamshikia baba yake mwanga. Walikaa vile, vichwa vimekaribiana, huku Shangazi akiwaonyesha kwa ncha ya penseli: slivu, rangi, mkato. Mzee akaomba arudiwe. Akarudiwa. Akauliza kama inawezekana fundi wa watu akakosea jambo kama hili. Shangazi akatoa kizibo mfukoni, akamwekea kiganjani, na kumweleza bloku aliyoiua. Alimwambia kwamba fundi wake wa jirani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hakika tu.

Mzee alikigeuza kile kizibo, akamrudishia. Kisha akamgeukia mwanawe.

“Ulisema,” alimwambia. “Ulisema, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale.”

“Nilisema, baba.”

Hawakukumbatiana, kama kuna aliyekuja kwenye ukurasa huu kutafuta hilo. Mwana aliendelea kushika taa ingawa hapakuwa tena na cha kuangalia, na mzee hakumwambia aizime. Mafundi watu wazima tulianza kufuta spana zilizokuwa safi. Tulipouliza kama gari sasa lifufuliwe, mzee alisema ndiyo, na kwamba pale pa kizibo tumwachie wazi, tusipasage, paonekane kila mtu atakapoifungua injini. Shangazi, aliyebishana na wateja miaka thelathini na minne juu ya jambo hilo hilo, safari hii aliitikia kwa kichwa. Alirudi benchini, akaiondoa chai juu ya stuli, akakaa. Nimeiandika hapa ili ibaki kumbukumbu, kwa kuwa kuna watakaokataa.

Hakukaa sana. Leo ni Jumatatu na ameshaniuliza mara mbili kwa nini mashine inalia. Injini ya mzee itafungwa mwezi ujao, yeye akiwa hayupo, na mwana ameomba ruhusa ya kuja Jumamosi kusaidia kubeba. Mrithi wake ana kucha nzuri na moyo wa haraka. Tulimwuliza Shangazi kama atamwachia kile kizibo, akasema hapana, kila mtu akajitafutie chake, na Mungu amjalie kiwe kidogo.

Shangazi, kwa niaba ya wote wa upande wa mashine, na wa ofisini ambao sasa wanajua slivu ni nini, tunakushukuru kwa bloku ulizoziokoa na kwa maneno uliyokataa kuyasema kabla ya wakati wake. Kamati imekununulia kiti cha kupumzikia; usikasirike, walipiga kura nikiwa nje. Weka chai juu yake. Tunakuombea afya, mumeo amalize suruali zake kwa amani, na wajukuu wakuchoshe vizuri. Nasi siku tukijikwaa hapa tutakuja kwako na taa na kioo, na tutasubiri barazani, mpaka wewe mwenyewe useme umeridhika.